Tumbo Lisilotulia na Chakula Kinachosingiziwa

Mazungumzo kuhusu afya yaliyotolewa mbele ya wakazi katika mkutano wa kata



Karibu kila kijiji kina mama wa makamo ambaye sahani yake hupungua mwaka hadi mwaka. Alianza kwa kuacha maharage, kwa kuwa kila alipoyala tumbo lilijaa na kifua kikamchoma. Baada ya miezi michache akaacha maziwa. Jirani akamshauri aache dagaa na samaki, shemeji akamwonya juu ya nyanya na machungwa, na aliyekaa naye kwenye daladala akamtajia mayai. Leo hula ugali na mchicha uliochemshwa, usio na ndimu wala pilipili, na tumbo lingali linauma. Gauni lililomkaa sawasawa siku ya harusi ya mwanawe sasa hulibana kwa mkanda. Akiulizwa anaumwa nini, hujibu kwamba vyakula vimemkataa.

Huenda mama huyo anaumwa kweli. Hakuna mwenye haki ya kumwambia kwamba maumivu yake ni ya kufikirika. Ila ushahidi alioutumia kuvihukumu vyakula vyake ni mwembamba mno: kilichokuwa mdomoni muda mfupi kabla ya maumivu ndicho kilichobeba lawama. Ni sawa na kumkamata mpita njia wa kwanza aonekanaye karibu na nyumba iliyoibiwa. Mwizi wa kweli aliingia usiku, na bado yumo ndani.

Gharama ya hukumu hiyo haibaki kwa mama peke yake. Anayepika ndiye anayeamua kinachoingia chunguni, na chakula alichokikataa yeye aghalabu hakipikwi tena kwa ajili ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 wamedumaa. Katika nyumba ambayo nyama huonekana sikukuu kwa sikukuu, kuondoa maharage, dagaa, mayai na maziwa ni kuondoa karibu vyote vinavyojenga mwili.

Basi ianze safari ya kumtafuta mwizi wa kweli, na ianzie pale wengi wanapodhani jibu limekwisha kupatikana, yaani kwenye vidonda vya tumbo.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wenyewe walifundishwa kwamba vidonda hivyo huletwa na asidi iliyozidi, mawazo mengi na vyakula vikali. Wagonjwa wa Ulaya na Marekani walinyweshwa maziwa na kulishwa vyakula laini kwa miaka mingi, na baadhi yao walikatwa sehemu ya mfuko wa tumbo. Kisha, mwaka 1982, katika mji wa Perth nchini Australia, mtaalamu wa patholojia Robin Warren na daktari kijana Barry Marshall wakafanikiwa kuotesha bakteria waliokuwa wakiishi katika matumbo ya wagonjwa hao. Wenzao hawakusadiki. Iliaminika kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kustahimili asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe kikombe cha bakteria hao, na baada ya siku chache akaanza kutapika. Alipopimwa, ukuta wa tumbo lake ulikutwa umevimba na bakteria wamejaa humo. Mwaka 2005 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo huitwa Helicobacter pylori, na katika vyeti vya maabara huandikwa H. pylori.

Habari hiyo imefika katika zahanati, lakini jikoni haijafika. Bado mgonjwa wa vidonda hupewa kwanza orodha ndefu ya vyakula vya kuacha, ilhali chanzo cha vidonda vingi ni vitu viwili tu: bakteria huyo, na dawa za kutuliza maumivu. Pilipili na ndimu huweza kuchonyota kidonda kilichokwisha kuwapo, kama chumvi inavyochonyota mkono uliokatwa, lakini si chumvi iliyokata mkono.

Hapo ndipo mama wa makamo anapostahili kuulizwa swali ambalo hakuulizwa na jirani wala na shemeji: magoti yake yanaumaje, na huyatuliza kwa nini? Ikiwa kwa mwaka mzima amekuwa akinunua vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni katika duka la dawa, akivimeza asubuhi kabla ya kwenda shamba, mara nyingi bila kutia kitu tumboni, basi mtuhumiwa mkuu amepatikana, naye hakutoka jikoni. Dawa hizo, pamoja na aspirini, hudhoofisha utando unaoukinga ukuta wa tumbo. Zinapokutana na H. pylori katika tumbo moja, hatari huongezeka maradufu na zaidi. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuacha vyakula vyote vya dunia na asipone, maadamu kidonge bado kimo mkobani. Asiache dawa aliyoandikiwa na daktari kwa ugonjwa wa moyo au mwingine wowote kabla ya kuuliza, lakini aulize.

Kuhusu bakteria, yapo mambo mawili yanayochanganya watu. Kwanza, kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili huweza kuendelea kuonyesha kwamba mtu anao bakteria hata miezi mingi baada ya kupona, kwa sababu mwili huikumbuka vita iliyokwisha. Mtu hutibiwa, hupimwa tena kwa damu, huambiwa bado anao, na hutibiwa mara ya pili na ya tatu bila sababu. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi ndicho kinachoonyesha kama bakteria yumo sasa hivi. Kipimo hicho cha kuhakikisha hufanywa wiki nne au zaidi baada ya kumaliza antibayotiki, na mgonjwa awe ameacha vidonge vya kupunguza asidi, kama omeprazoli, kwa wiki mbili kabla yake. Pili, tiba yenyewe ni ya dawa kadhaa kwa pamoja, na kwa kawaida huchukua siku 14. Mgonjwa anayejisikia vizuri siku ya tano na kumwekea mwenziwe dawa zilizobaki amewafunza bakteria kuzizoea, na amemwachia mwenziwe dozi isiyoponya.

Aidha, watu wengi sana wanaishi na H. pylori bila kuumwa chochote. Cheti chenye jibu la kuwapo bakteria si mwisho wa uchunguzi.

Maziwa yana kesi yake. Mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya kiitwacho laktezi, ambacho huivunja sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Sukari isiyovunjwa hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko huichachua, na matokeo yake ni gesi, ngurumo za tumbo na kuharisha. Huo si ugonjwa wala si udhaifu wa mtu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliopima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani kwa kuwanywesha laktosi na kuangalia jinsi sukari inavyopanda katika damu. Ulionyesha kwamba baadhi ya watu wa Afrika Mashariki wana badiliko la urithi linalowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni, na kwamba badiliko hilo lilizuka huku lenyewe, mbali na lile la watu wa Ulaya, katika miaka takribani 7,000 iliyopita, sambamba na kuenea kwa ufugaji wa ng'ombe. Hivyo ndugu wawili wa kata moja, mmoja wa ukoo wa wafugaji na mwingine wa ukoo wa wakulima au wavuvi, wanaweza kunywa kutoka kibuyu kimoja, mmoja akalala vyema na mwingine akakesha chooni.

Hata hivyo, asiyevumilia laktosi hahitaji kuyapiga maziwa marufuku. Watu wazima wengi wa aina hiyo huweza kunywa kikombe kimoja pamoja na chakula wasipate shida kubwa. Maziwa mgando huwa mepesi zaidi, kwa sababu bakteria wa mgando wamekwisha kula sehemu ya laktosi na huendelea kusaidia tumboni. Wazee waliogandisha maziwa katika kibuyu hawakulijua jina la laktosi, lakini dawa yake walikuwa nayo.

Jambo linaloumiza zaidi ni la mtoto. Mtoto aliyeharisha kwa siku nyingi, au mwenye vijidudu vya giadia kutokana na maji machafu, huchubuka utando wa utumbo mwembamba, na laktezi hukaa katika utando huohuo. Kwa wiki kadhaa maziwa ya ng'ombe humsumbua. Mama huona, hukata shauri kwamba mwanawe hapatani na maziwa, na huyaondoa kwa maisha yake yote. Wakati mwingine hata ziwa lake mwenyewe humnyima. Kumbe utando hujijenga upya, na chanzo kilikuwa kisimani. Ziwa la mama halipaswi kukatizwa kwa sababu ya kuharisha. Mtoto na apelekwe akapimwe kinyesi, apewe chumvichumvi za maji na vidonge vya zinki, na maji ya nyumbani yachemshwe. Nyumba ikiwa na watoto watatu wenye matumbo yasiyotulia, kabla ya kukagua sufuria inafaa kukagua choo, ndoo na kata ya kuchotea maji.

Maharage nayo yanastahili kutetewa. Yana aina za sukari ambazo utumbo mwembamba wa binadamu yeyote hauwezi kuzivunja, kwa hiyo gesi baada ya maharage ni jambo la kila mtu, kuanzia mkulima hadi waziri. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale hupunguza sukari hizo. Lipo kosa la pili lililo zito zaidi. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayoweza kumtapisha mtu vibaya ndani ya saa chache. Moto mdogo usiofikisha maji kwenye mchemko haiondoi sumu hiyo, na yapasa yachemke kwa nguvu walau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, kisha yaendelee kupikwa hadi yalainike. Siku hizi mkaa una bei na watu hubana moto. Matapishi ya usiku huo hupewa jina la mzio wa maharage, ilhali jina lake halisi ni upishi wa haraka.

Kwa wakazi wa pwani, shitaka kama hilo humwangukia samaki. Mtu hula jodari, nguru au kibua. Katika nusu saa uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, vipele humtoka na tumbo humkoroga. Hapohapo hutangazwa kwamba ana mzio wa samaki, naye hawagusi tena. Mara nyingi kilichotokea ni kingine. Samaki wa jamii hiyo wakikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza histamini katika nyama yao, na histamini ndiyo ileile inayotolewa na mwili wakati wa mzio. Kukaanga hakuiondoi, wala kuchemsha, wala kubanika. Dalili ya kutofautisha ni rahisi: je, wengine waliokula samaki yuleyule waliumwa? Je, mhusika alikwisha kula samaki wa aina hiyo mara nyingi bila taabu? Ikiwa majibu ni ndiyo, kosa liko kati ya chombo na meza ya muuzaji, na taarifa inapaswa kumfikia afisa afya wa kata, ambaye kazi yake ni pamoja na kukagua soko. Tumbo la mtu mmoja hapo limeeleza hali ya soko zima.

Mahindi vivyo hivyo. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yaliwapata wakazi wa Dodoma na Manyara. Walianza kwa kuumwa tumbo na kutapika, kisha macho yakawa manjano.

Mzio wa kweli upo, wala hauna mzaha. Mtu mwenye mzio wa karanga, mayai au kamba huvimba midomo au ulimi, hutokwa na mabaka, hukosa pumzi au huzirai, aghalabu dakika chache baada ya kula, na hata kipande kidogo chatosha. Huyo hapewi maziwa wala mafuta ya kula. Hukimbizwa kituoni akapigwe sindano ya adrenalini. Tangu siku hiyo chakula kile ni mwiko kwake, na walimu wa mtoto huyo waambiwe. Tofauti na mwenye gesi na kiungulia iko wazi, na kuwaita wote kwa jina moja la mzio kunamhatarisha yule aliye katika hatari ya kweli, kwa kuwa siku akisema ana mzio, mpishi atadhani ni mambo ya kuchagua chakula.

Katikati ya safari hii wamesimama wauza majibu. Kuna kifaa ambacho mgonjwa hukishika kiganjani kwa dakika moja, kisha kompyuta hutoa kurasa za maradhi yake na vyakula asivyopaswa kula, na mwenye kompyuta, kwa bahati njema, anayo dawa ya hayo yote kwenye sanduku. Kifaa hicho hakina msingi wowote wa kisayansi. Kuna pia vipimo vya damu vya kingamwili za chakula vinavyouzwa kwa bei kubwa. Kingamwili hizo huonyesha tu kwamba mtu amekula chakula fulani, na vyama vya wataalamu wa mzio vya Ulaya na Marekani vimekataa visitumike kutafuta chakula kinachodhuru. Na ipo taifodi, ambayo imekuwa jibu la kila tumbo. Kipimo cha Widal kinachotumika katika maabara nyingi ndogo hutafuta kingamwili, na hizo huweza kuwa za ugonjwa wa zamani au wa ugonjwa mwingine kabisa. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha damu. Mtu aliyetibiwa taifodi mara nne kwa mwaka mmoja ana haki ya kuuliza kama aliwahi kuwa nayo hata mara moja.

Je, mtu akishuku chakula kweli, afanyeje? Njia iliyo bora ni ya zamani, nayo haina mashine. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Uholanzi ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, njaa ilikuwa kali na mkate ukaadimika. Daktari wa watoto Willem Dicke, aliyekuwa ameishuku ngano tangu kabla ya vita, aliona kwamba watoto fulani waliokuwa wakikonda na kuharisha kwa miaka walipata nafuu wakati watoto wengine wote wakidhoofika. Mkate uliporudi, ugonjwa wao ukarudi pamoja nao. Nafuu peke yake isingethibitisha kitu, kwa maana magonjwa huja na kuondoka yenyewe. Kurudi kwa ugonjwa pamoja na mkate ndiko kulikotoa ushahidi.

Mgonjwa wa kata naye aweza kufuata njia hiyo kwa daftari la shule. Kwa wiki mbili na aandike alichokula, saa aliyokula, maumivu yalipoanza, choo kilivyokuwa na dawa alizomeza, zikiwamo za mitishamba. Kisha aondoe chakula kimoja tu, si vitano, kwa wiki mbili hadi nne. Halafu akirudishe, kidogo kwanza na zaidi baadaye, aone. Wengi hufanya nusu ya kwanza na kuisahau ya pili, na ndiyo maana orodha za miiko hurefuka pasipo kupungua. Jaribio hili halimfai mtu mwenye mzio mkali uliotajwa, wala halifanywi kwa mtoto mdogo au mama mjamzito bila ushauri wa mtaalamu.

Wako pia wasiopaswa kujaribu lolote nyumbani hata kwa siku moja. Anayekonda bila kukusudia, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au chenye damu, anayekwamwa na chakula kooni, mwenye homa na jasho la usiku, mwenye upungufu wa damu, mtu aliyepita miaka 50 ambaye shida ya tumbo imemwanza hivi karibuni, na mtoto ambaye mstari wa uzito wake katika kadi ya kliniki umelala au kushuka: hawa waende zahanati bila kungoja, nayo iwape rufaa. Kifua kikuu huweza kukaa tumboni. Saratani ya umio imeenea katika ukanda wa Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, na wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti.

Mama wa makamo wa mwanzo wa mazungumzo haya yumo katika orodha hiyo, kwa sababu ya lile gauni. Akienda zahanati, asiridhike kusema kwamba vyakula vimemkataa. Aende na daftari lake, na aende na mfuko wenye kila anachomeza: vidonge vya magoti, vya kiungulia, unga wa mizizi aliopewa na dada yake, na ile chupa isiyo na lebo. Aviweke vyote mezani mbele ya mganga kabla hajaulizwa.